Kamba ya Nyumbani

Kijijini kwetu kuna methali moja ambayo hatujawahi kuimaliza. Huanza vizuri, "Aliyeumwa na," halafu msemaji hukohoa kidogo na kurukia mwisho wake, "akiona unyasi hushtuka." Wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali na mazungumzo huendelea. Huyo aliyeuma tunamjua sote. Hana miguu, hutambaa kwa tumbo, na ulimi wake umepasuka mara mbili. Jina lake halisi hatulitamki, maana ukimtaja umemwita, na akiitwa huja. Sisi humwita kamba. Ile ya kufungia mbuzi na kuanikia nguo tunaiita ugwe, na hapo hajawahi kuchanganyikiwa mtu, awe mzee, awe mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Mtu wa mbali atacheka. Acheke, meno ni yake. Hata mstarini asubuhi, watoto wakitakiwa kukaza migongo, mwalimu mkuu, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa, huwaamuru "simameni wima," kwa sababu lile neno jingine limefanana mno na jina la mwenyewe. Na vitabu vya darasa la kwanza, ukivifungua penye herufi N, utakuta kurasa zimegandana. Waliozigandisha kwa gundi ni wazazi, kitabu baada ya kitabu. Wakaguzi wa elimu walipoviona waliandika kwamba stoo ya shule inavuja. Inavuja kweli, lakini hiyo ni habari nyingine.

Watoto wetu walikuwa wanaishi na maneno yote mawili bila taabu. Shuleni, kamba ilikuwa ile ya kitabuni. Wakivuka geti kurudi nyumbani, ikawa ile nyingine. Mtoto akisema ameona kamba, mwenzake humwuliza, "Ya nyumbani au ya shuleni?" kama vile mtu anavyouliza chai ina sukari au haina. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, mpaka ulipokuja mtaala mpya.

Mtaala ule ulikuja na nia njema. Sina ugomvi na nia njema, ila ina tabia ya kuingia bila kupiga hodi. Tuliambiwa watoto wa vijijini wanafeli kwa sababu wanafundishwa mambo ya watu wengine, lifti na theluji na vivuko vya barabarani, na kwamba sasa watafundishwa kwa vitu vyao na kwa maneno yao. Nani angepinga? Wataalamu walikuja na gari jeupe, wakatuita wazazi darasani, tukakaa kwenye madawati ya watoto huku magoti yakigusa kidevu. Kiongozi wao, mama mmoja wa sauti ya upole, akawa anainua picha moja moja na kuuliza, "Hiki hapa kwenu mnakiitaje?" Jembe tukamwambia. Kinu tukamwambia. Mwiko tukabishana kidogo. Halafu akainua picha ya mwenyewe, amejikunja, kichwa juu, amepakwa rangi ya kijani.

Fundi baiskeli aliyekuwa mbele yangu akainama kufunga viatu, na alikuwa amevaa ndala.

"Hamna jina lake?" mtaalamu akauliza. "Jamani, si wamejaa huku?"

Aliyetuokoa ni mpishi wa shule, bibi mmoja mnyamavu aliyekuwa amesimama mlangoni na aproni yake. "Hiyo ni kamba, mwanangu," akasema.

Mtaalamu alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu anayempenda bibi yake. "Bibi, tutakutafutia miwani." Nasi tukacheka naye. Kumweleza kwamba bibi haoni vibaya kulihitaji mtu atamke, na pia hatukutaka kuonekana washamba, maana mgeni mwingine aliwahi kwenda kutuandika gazetini kwamba ushirikina umetujaa mpaka masikioni. Picha ikarudi kwenye bahasha. Kwa upande wa miwani walitimiza ahadi. Ilikuja, na bibi akaipenda kweli, akawa anachagulia mawe kwenye maharage ya shule.

Aliyemletea ni mwalimu kijana aliyepewa kazi ya kuujaribu mtaala huo shuleni kwetu, darasa la pili. Tulimbandika jina la Mazingira, kwa kuwa neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Tulimpenda. Alikuwa mpole, halewi, anasalimia hata mbwa. Jioni moja jirani yake alimpigia kelele kutoka uani, "Mwalimu, usitoke kwanza, kuna kamba hapo mlangoni kwako." Mazingira akashukuru, akatoka na ndala zake kuitafuta ili isije ikamkwaza mtu. Kesho yake akatuambia, "Ile kamba sikuiona, nadhani mwenyewe ameshaichukua." Tulicheka wiki nzima, na hakuna aliyemweleza. Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo tunaweza kuimaliza, basi tuliishika kwa mikono miwili.

Sasa nimseme bibi mpishi kidogo, kwa sababu haya yalikwenda kumwangukia yeye. Alikuwa na binti mmoja tu. Binti alikwenda kusoma mbali, akarudi na kitoto kichanga mgongoni na tabia ya kuita kila kitu kwa jina lake. Jioni moja uani alimtaja mwenyewe, waziwazi, mara tatu, akimtania mama yake. Msimu wa mvua haukwisha kabla hajaumwa, akafa. Ukitaka kusema ilikuwa bahati mbaya, sema, hutapigwa. Bibi hakuwahi kusema hivyo. Alibaki na kile kitoto, ambacho sasa ni msichana wa darasa la pili, na duniani hapa hawana mtu mwingine, yeye na mjukuu wake. Huyo msichana tunamwita Wakili, kwani huwezi kumpa neno moja asiligeuze na kuliangalia upande wa pili.

Siku ya kuuzindua mtaala, mwalimu mkuu alisimama mstarini na tai shingoni. "Kuanzia leo," akawatangazia watoto, "neno la nyumbani ndilo neno la shuleni. Kitu mnavyokiita kwenu, na hapa tutakiita hivyo hivyo. Asione mtu aibu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," watoto wakaitikia wote pamoja. Naye Wakili alikuwemo, nao walimwelewa vizuri kuliko alivyojielewa mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mvua zikaanza. Stoo ya shule iko nyuma ya jiko, chumba cha mabati chenye madawati yaliyovunjika na magunia ya mahindi, na penye mahindi pana panya, na penye panya huna haja ya kuambiwa. Watoto walikuwa wameshaona. Walimwambia bibi, bibi akawaambia wasikaribie, akawa anachukua mahindi yeye peke yake akigonga mlango kwa mwiko kabla ya kuingia. Mwalimu mkuu aliahidi kutafuta mtu wa kuja kumtoa. Ahadi za ofisini mnazijua.

Asubuhi hiyo, Mazingira aliingia darasani akiwa na furaha. Somo lilikuwa kupima urefu.

"Kitabu cha zamani kilitaka rula," akasema, "na rula hatuna. Sisi tutapima kwa kitu cha hapa hapa. Leo tutatumia kamba."

Darasa likatulia. Watoto wa dawati la nyuma wakainua miguu kutoka sakafuni, wakaikunja juu ya benchi. Mwalimu aliona wametulia, akadhani ni usikivu.

"Nani anajua kamba iliko?"

Mikono ilipanda polepole. Akamchagua Wakili.

"Ipo stoo, mwalimu. Inalala nyuma ya magunia."

"Inalala," akarudia Mazingira, uso umemng'aa. "Sikieni lugha tamu hiyo. Mjini kamba huwekwa tu. Kwenu kamba inalala."

"Na ndogo nazo zipo," akaongeza mvulana mmoja.

"Vizuri kabisa. Hata ndogo tutazitumia. Wakili, nenda katuletee."

Wakili hakwenda. Alibaki amesimama kando ya dawati, akiligeuza lile neno kichwani. "Mwalimu, unataka kamba ya nyumbani au ya shuleni?"

Mazingira aliweka chaki chini. Mwenyewe alikuja kutusimulia baadaye kwamba swali lile lilimgusa moyo, maana aliona ndio ugonjwa wenyewe alioletwa kuutibu, mtoto kuona kwao na shule ni nchi mbili. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Ya nyumbani," akamwambia. "Ya shuleni haipo tena. Si mwalimu mkuu aliwaambia?"

"Alituambia."

"Basi nenda kailete."

"Bibi amesema tusiiguse."

"Leo nimesema mimi. Ukiileta, wewe ndiye utakayetupimia darasa. Usiogope."

Kwetu mtoto aliyetumwa na mwalimu huenda. Tumewalea hivyo wenyewe, na fimbo za kazi hiyo tumezichonga wenyewe. Wakili akatoka nje kwenye manyunyu.

Mwalimu akawageukia waliobaki. "Nanyi mjigawe makundi, mwende pale kichakani nyuma ya uwanja. Kila kundi lije na kamba yake. Kundi litakaloleta ndefu kuliko zote, nitaliandika ubaoni, likae hapo mpaka mwisho wa muhula. Sitaki kelele."

Wakatazamana. Mvulana mmoja akachomoa fimbo iliyokuwa imeegeshwa ukutani.

"Fimbo ya nini?"

"Ya kuitolea, mwalimu."

"Wabunifu sana ninyi," akasema Mazingira, naye akakaa mezani kuandika taarifa ya somo. Anakumbuka aliandika kwamba wanafunzi wamehamasika.

Wakili alirudi mikono mitupu. Mkono mmoja alikuwa ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Kamba imekataa, mwalimu," akasema. "Imenigusa."

Mwalimu akautazama ule mkono. Juu ya kiganja palikuwa na mchubuko mmoja mrefu na damu kidogo, kama wa mwiba. "Ilikuwa na waya?" akamwuliza. Wakili alikuwa ameangalia sakafu. Mazingira akamwosha kwa maji ya chupa yake, akampa pole, akamketisha. Aliandika mistari mingine miwili mitatu. Alipoinua kichwa, mtoto alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo, na mkono umeumuka kama mkate. Halafu akatapika kwenye dawati.

Bibi alikuja mbio kutoka jikoni, miwani usoni, mwiko mkononi.

"Nilimtuma akaniletee kamba stoo," mwalimu akamweleza, "nadhani imemkwaruza."

Bibi aliinama kwa mjukuu wake, akamwuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Kamba?"

"Kamba, bibi."

Mwiko ukaanguka. Bibi hakupiga yowe wala kushika kichwa. Alisema neno moja tu, "Pikipiki," na mwalimu akaikimbilia ya kwake. Wakapanda watatu, mtoto katikati. Njia nzima, kwenye tope na mashimo, bibi hakufungua mdomo. Nami najua kwa nini. Alikuwa anaogopa kitakachotoka.

Kituo cha afya kina muuguzi mmoja, dada mkavu wa maneno aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali. Alimlaza Wakili kitandani, akaugeuza mkono huku na huku.

"Ameumwa na nini?"

"Kamba," bibi akasema.

Muuguzi alimtazama bibi, kisha akamtazama mwalimu, aliyevaa viatu.

"Ni kweli," Mazingira akamsaidia. "Kulikuwa na kamba kuukuu stoo. Nadhani ina waya ndani, huenda umeshika kutu."

"Basi tuanze na sindano ya pepopunda," akasema muuguzi, akaanza kuvunja kichupa. "Ingawa uvimbe huu siupendi. Ingekuwa matundu mawili ningejua. Huu ni mchubuko. Inaweza kuwa msumari, inaweza kuwa nge."

"Si hiyo, mwanangu," bibi akasema. "Sindano si hiyo."

"Ni ipi basi? Mama, sikiliza. Kwenye friji nina dawa ya sumu, ya mtu mmoja tu, na nyingine sijui italetwa lini. Siifungui kwa kubahatisha, nayo yenyewe inaweza kumdhuru mtu. Nitajie kilichomuuma."

Bibi alifungua mdomo, akaufunga. Midomo ya Wakili ilikuwa imeanza kubadilika rangi na macho yanalegea. Bibi akautazama mlango, ulikuwa wazi, na nje nyasi zimeota mpaka kizingitini.

"Mwalimu, funga mlango," akasema.

Mazingira akaufunga.

"Na dirisha."

Akalifunga. Bibi akakaa kitandani, akakiweka kichwa cha mjukuu wake mapajani, akamziba masikio yote mawili kwa viganja vyake, kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya miwani. Alimtaka radhi binti yake, kwa jina la utoto, na hilo tumeambiwa na muuguzi.

"Nyoka," akasema.

Nimeliandika, kwa sababu yeye alilisema. Mwanamke yule alikuwa amefikia uzee bila kulitamka hata mara moja, alimzika mwanawe kwa ajili yake, naye alilitoa polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayejing'oa jino. Kisha akalirudia kwa sauti, maana mara ya kwanza aliogopa halijasikika. "Nyoka. Mtoto wangu ameumwa na nyoka. Yuko kwenye stoo, mkubwa." Muuguzi alikuwa ameshafika kwenye friji.

Wakili akafumbua macho. Viganja havikuwa vimeziba vya kutosha.

"Bibi," akasema, "umemwita."

"Nimemwita, mjukuu wangu. Nyamaza."

Mazingira alikuwa bado ameegemea ule mlango alioufunga. Anasema hakuelewa yote kwa mara moja. Kwanza alielewa kulala. Halafu akaelewa ile miguu iliyoinuliwa juu ya benchi, na yale maneno ya jirani jioni ile. Fimbo ya kuitolea ndiyo ilimjia mwisho.

"Bibi," akauliza, "kamba ndiyo—"

"Ndiyo," akasema bibi bila kumtazama.

Akatoa simu. Akakosea namba, akapiga tena. Mwalimu mkuu akapokea kwa sauti yake ya ofisini.

"Mwalimu, pole na safari. Mtoto anaendeleaje? Nimeambiwa amejikwaruza."

"Mkuu, watoto wangu wako wapi?"

"Si umewatuma nje? Nawaona hapa dirishani. Manyunyu hayawasumbui kabisa, wamechangamka kwelikweli. Wako kichakani, wamekizunguka kile kichuguu na vijiti, naona kuna mmoja ameshaingiza mkono. Hongera, hii ndiyo elimu. Umewatuma wakalete nini?"

"Kamba."

Upande wa pili yakasikika manyunyu tu kwenye bati la ofisi. Mwalimu mkuu aliporudi kusema, haikuwa tena sauti ya ofisini, ilikuwa ya mtoto wa pale pale, ya chini, ya kuulizana njiani.

"Mwalimu. Uliwaambia ya nyumbani au ya shuleni?"

Kituoni, nyuma ya Mazingira, muuguzi alikuwa ameshavuta dawa yote kwenye sindano. Akaliminya boksi tupu, akalitupa kwenye ndoo, na Mazingira akalisikia likianguka.

"Ya nyumbani," akasema.

Simu ya huko iliwekwa mezani bila kukatwa. Aliisikia meza ikisukumwa na kiti kikianguka, kisha kengele ya shule ikaanza kugongwa, katikati ya kipindi, ikigongwa bila kupumzika. Alibaki ameikandamiza simu sikioni huku mlango umefungwa na dirisha limefungwa, akingoja kusikia sauti za watoto wakirudi.